Jinsi, Namna na Ganda la Njegere

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa haijayamaliza, lipo hili: je, mafungu ambamo mwanadamu hupanga vitu yamo ndani ya vitu vyenyewe, au yamo katika akili ya anayevipanga? Wanaoshikilia rai ya kwanza husema kwamba ng'ombe ni ng'ombe na mbuzi ni mbuzi hata kama asingekuwapo mtu wa kuwaita hivyo. Wanaoshikilia ya pili hujibu kwamba ulimwenguni mna kitu kimoja kimoja tu, kila kimoja na hali yake, na kwamba fungu ni mpango wa watu waliokuwa na haja fulani. Mifano inayotajwa sana katika mjadala huu ni ya wanyama wakubwa au ya madini, ambako mipaka iko wazi, na kwa sababu hiyo swali huonekana jepesi kuliko lilivyo. Njegere zinazoliwa pamoja na maganda yake hulipima swali hili vizuri zaidi, kwa kuwa tofauti zake ni ndogo, zinagusa chakula, biashara na sheria ya dini kwa pamoja, na chanzo chake cha kibiolojia kinajulikana kwa undani ambao mimea michache imeupata.

Njegere zote za bustanini ni spishi moja, ambayo Linnaeus aliipa jina la Pisum sativum mwaka 1753. Ndani ya spishi hiyo mpishi na mkulima hutofautisha aina tatu. Ya kwanza ni njegere za kumenya, zile ambazo nchini Kenya huitwa pia minji, ambazo punje pekee huliwa na ganda hutupwa au hupewa mifugo. Ya pili ni njegere bapa, yenye ganda pana na jembamba linalochumwa wakati punje zilizomo bado ni vinundu vidogo, na linaloliwa zima. Ya tatu ni njegere nene, yenye ganda la mviringo lililojaa nyama, ambalo likikunjwa huvunjika kwa mlio, na ambalo huliwa zima ilhali punje zake zimekwisha kujaa. Wakulima wa nyanda za juu za Kenya, wanaozilima hizi mbili za mwisho kwa ajili ya soko la Ulaya, huziita snow peas na sugar snaps, kama zinavyoitwa na wanunuzi wao; hapa zitaitwa kwa sifa ya ganda, bapa na nene.

Mtu anayetaka kuzitofautisha kwa macho hufikia ukomo mapema. Ganda la njegere bapa lililosahauliwa shambani huvimba punje zinapokua, na kwa mbali hufanana na ganda nene. Ganda nene lililochumwa changa mno ni bapa. Na ganda la njegere ya kumenya, katika siku zake za kwanza baada ya ua kunyauka, huwa laini kiasi cha kutafunika. Hata nyuzi zinazopita kwenye mshono wa ganda, ambazo wapishi huzivuta kabla ya kupika, hazisaidii, kwa kuwa zipo aina bapa na nene zenye nyuzi na zipo zisizo nazo. Kipimo kinachoaminika zaidi ni cha mkono: ganda lililokomaa hupasuliwa, upande wake mmoja hukunjwa kuelekea nje, na mtazamaji huangalia kama upande wa ndani una utando mgumu unaong'aa unaoweza kubanduliwa. Utando huo ni tabaka la seli zilizojaa lignini, dutu ileile inayoupa mti ugumu wake. Ukiwapo, ganda halitafuniki litakapokomaa, na njegere hiyo ni ya kumenya; usipokuwapo, ganda linalika, na hapo ndipo unene wa nyama ya ganda unapoamua kama ni bapa au nene.

Jambo la kwanza la kifalsafa limejificha hapa, nalo huwapita wengi. Njegere zinazoliwa na ganda zimefafanuliwa kwa kitu ambacho hazina. Aristotle alifundisha kwamba kukosa kuna maana pale tu kitu kinapokosa kile ambacho kwa maumbile yake kingepaswa kuwa nacho. Jiwe halisemwi kuwa ni kipofu, bali mtu asiyeona ndiye kipofu. Kwa kipimo hicho, utando mgumu ni haki ya ganda la njegere. Katika njegere-mwitu, ganda linapokauka, nyuzinyuzi za utando hujikaza kwa mshazari hadi pande mbili za ganda zinajisokota kwa ghafula na kurusha mbegu mbali na mama yake. Mmea usio na utando umenyimwa chombo cha kuwatawanya watoto wake, na ungeachwa porini hali yake isingekuwa njema. Kwa mmea, basi, huu ni ulemavu. Kwa mlaji, ni ubora. Anayesema kwamba njegere bapa ni "aina bora" na anayesema kwamba ni "aina iliyopotoka" hawabishani juu ya ganda, kwa maana ganda wanaliona sawasawa. Wanatofautiana juu ya ganda hilo liko kwa ajili ya nani.

Wanamantiki wa zamani walikuwa na vyombo vya kuzungumzia jambo hili kwa usahihi. Porphyry, mwanafalsafa wa karne ya 3, aliandika utangulizi wa mantiki ya Aristotle ambao baadaye ulisomwa kwa Kiarabu na kuwa mlango wa elimu ya mantiki katika madrasa za Kiislamu. Humo mnafundishwa kwamba kitu hufafanuliwa kwa kutaja kwanza jinsi yake, yaani fungu pana linalokikusanya pamoja na vingine, kisha fasli, yaani sifa inayokitenga na vile vingine, na kutokana na mawili hayo hupatikana namna, yaani fungu finyu. Mnyama ni jinsi, kunena kwa akili ni fasli, mtu ni namna. Mafundisho haya hutenganisha pia fasli na sifa za kupita, kwa kuwa weusi wa kunguru, hata kama hauachani naye, haumfanyi kuwa kunguru. Kwa njegere, swali linakuwa hili: kutokuwako kwa utando ni fasli inayozaa namna mpya, au ni sifa ya kupita tu, kama rangi ya ua? Mwanafunzi wa mantiki hawezi kulijibu kwa kufikiri peke yake, kwa sababu kanuni haimwambii ni sifa ipi iliyo ya ndani na ipi iliyo ya juujuu.

Ugumu huo ndio alioushika John Locke katika kitabu chake kikubwa kuhusu ufahamu wa mwanadamu, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1689. Alitofautisha viini viwili. Kiini cha jina ni mkusanyiko wa sifa ambazo watu wameamua kuziweka chini ya jina moja, na kiini halisi ni ule muundo wa ndani wa kitu ambao ndio unaozizaa sifa hizo zote. Locke aliona kwamba wanadamu hupanga vitu kwa viini vya majina, kwa kuwa viini halisi wamefichwa, na akaonya kwamba hata kama vingejulikana, haifuati kwamba maumbile yamechora mipaka palepale majina yalipochora. Katika zama zake onyo hili lilikuwa la kinadharia, kwani hakuna aliyekuwa ameuona muundo wa ndani wa kiumbe chochote kwa namna ambayo ingeweza kulipima. Aliyekuja kulipa jambo hili shamba la kulijaribia alikuwa mtawa, na shamba lenyewe lilikuwa la njegere.

Gregor Mendel alifanya majaribio yake katika monasteri ya Mtakatifu Thomas mjini Brno, kati ya mwaka 1856 na 1863, na akayachapisha mwaka 1866. Alianza kwa kukusanya aina 34 za njegere kutoka kwa wauza mbegu, akazijaribu kwa miaka miwili ili aone zipi huzaa watoto wanaofanana na wazazi bila kubadilika, na akabaki na 22. Miongoni mwa sifa saba alizozifuatilia imo sifa ya ganda: ganda lililokomaa ama limejaa na kunyooka, ama limebanwa kati ya punje na punje na kukunjamana. Ganda lililobanwa ndilo la njegere zinazoliwa na ganda, ambazo baadhi ya wataalamu wa zama hizo walizihesabu kuwa spishi ya peke yake kwa jina la Pisum saccharatum, na sababu ya kubanwa kwake ni ileile iliyoelezwa, kwamba pasipo utando mgumu kuta za ganda hazina cha kuzisimamisha, nazo huzilalia punje zinapokauka. Wasomaji wengi wanaokumbuka hesabu za Mendel darasani hawakuambiwa kwamba moja katika hesabu hizo ilikuwa ni hesabu ya ganda linaloliwa na ganda lisiloliwa.

Alipozichanganya, kizazi cha kwanza chote kilikuwa na maganda yaliyojaa, kana kwamba mzazi mmoja hakuchangia lolote. Kizazi cha pili kilitoa mimea 882 yenye maganda yaliyojaa na 299 yenye maganda yaliyobanwa, karibu sana na tatu kwa moja. Kilichofuata kina uzito zaidi kwa swali la hapa. Alichukua mimea 100 kati ya ile yenye maganda yaliyojaa, akapanda mbegu zao, akakuta kwamba 29 ilizaa maganda yaliyojaa peke yake na 71 ilizaa mchanganyiko. Mimea hiyo 100 ilikuwa haitofautiani kwa lolote ambalo jicho au ulimi ungeweza kuligundua, lakini mingi kati yake ilibeba ndani yake uwezekano wa ganda linaloliwa, uliofunikwa na kile ambacho wanabiolojia hukiita kirithishi tawala, yaani kile ambacho nakala yake moja inatosha kuonekana. Kwa jina la soko, mimea yote 100 ni njegere za kumenya. Kwa uzao, ni makundi mawili. Onyo la Locke lilipata hapa ushahidi wake wa kwanza ulio wazi.

Mendel mwenyewe hakulikimbia swali la majina. Katika maelezo yake kuhusu mimea aliyoichagua alieleza kwamba wataalamu waliyaona mengi ya makundi hayo kuwa Pisum sativum na mengine kuwa spishi nyingine, kisha akasema kwamba nafasi yao katika mpangilio haina athari kwa majaribio yake, kwa kuwa ni vigumu kuchora mstari mkali kati ya spishi na aina sawa na ilivyo vigumu kuuchora kati ya machotara wa spishi na machotara wa aina. Usemi huu unastahili heshima zaidi kuliko ulivyopewa. Mendel hakusema kwamba tofauti hazipo, kwani maisha yake yote ya utafiti yalisimama juu ya tofauti; alichosema ni kwamba tofauti za sifa moja moja ni thabiti na zinahesabika, ilhali mafungu makubwa yanayojengwa juu yake yanaweza kuhamishwa bila hesabu kuharibika hata kidogo.

Utafiti uliofuata umeufungua muundo wa ndani ambao Locke aliudhani kuwa umefichwa. Utando wa ganda hutegemea jeni mbili, ambazo wanajenetiki huziandika P na V. Zote mbili zikiwa katika hali yake tawala, utando hukamilika. Moja ikiwa katika hali fifi, yaani ile isiyoonekana mpaka mmea uirithi kutoka kwa wazazi wote wawili, utando hubaki vipande vipande au michirizi. Zote mbili zikiwa fifi, utando haupo. Jeni ya tatu, inayoandikwa N, huamua unene: hali yake fifi hulipa ganda kuta nene. Mwaka 2025 watafiti wa China na Uingereza walieleza katika jarida la Nature misingi ya kimolekuli ya sifa za Mendel zilizokuwa zimebaki bila kufumbuliwa, umbo la ganda likiwamo. Mtu anaweza kudhani kwamba mjadala umekwisha, kwamba njegere bapa ni ile yenye utando uliofutwa na kuta nyembamba, njegere nene ni ile yenye utando uliofutwa na kuta nene, na kwamba viini halisi vimepatikana hatimaye.

Hesabu ndogo inaonyesha kwamba sivyo. Jeni tatu, kila moja ikiwa na hali mbili zinazoweza kutulia, huzaa michanganyiko minane ya mimea isiyobadilika kizazi hadi kizazi, ilhali majina ya sokoni ni matatu. Kuna mimea yenye michirizi ya utando, ambayo si ya kumenya hasa wala si ya kula na ganda hasa. Na kuna mimea yenye utando kamili na kuta nene pia, ambayo kwa karne nyingi haikuwa na jina la mtu yeyote kwa sababu haikuwa na faida kwa mtu yeyote. Mmea wa namna hii ya mwisho ndio uliomvutia Calvin Lamborn, mzalishaji wa mbegu katika jimbo la Idaho nchini Marekani, alipouona ukiwa umejitokeza peke yake katika shamba la njegere za kumenya. Wakaguzi wa mbegu huing'oa mimea ya aina hiyo ili isichafue fungu. Yeye aliuchanganya na njegere bapa, akapata ganda lenye unene wa mzazi mmoja na ukosefu wa utando wa mzazi mwingine, na mwaka 1979 njegere yake, Sugar Snap, ilitangazwa na kupewa nishani ya dhahabu katika mashindano ya mbegu ya All-America Selections. Aina iliyoingia sokoni na jikoni kama kitu kipya ilikuwa ni mchanganyiko ambao maumbile yaliuruhusu siku zote. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba Lamborn aliizua, kwa kuwa hakuna uamuzi wa mtu ungeweza kulifanya ganda lenye utando litafunike. Wala haiwezi kusemwa kwamba aliikuta imekwisha kuwa aina, kwa kuwa kati ya michanganyiko minane ni haja ya mlaji iliyouchagua huu na kuupa jina.

Fikra inayolifungua fundo hili kwa ufasaha zaidi haikutoka kwa wanabiolojia wala kwa wanafalsafa wa Ulaya. Ilitoka Madina, kwa Imamu Malik bin Anas, aliyefariki mwaka 179 Hijria, sawa na 795 Miladia, katika kitabu chake cha Muwatta, kwenye mlango wa zaka ya mazao. Zaka ya mazao haimpasi mkulima mpaka mavuno yafike nisabu, yaani kiwango cha chini kilichowekwa, ambacho ni wasaki tano, na wasaki moja ni mzigo wa pishi sitini za Mtume. Swali likazuka kuhusu mkulima aliyevuna dengu kidogo, adesi kidogo, kunde kidogo na julubani kidogo, ambayo ni jamaa wa karibu wa njegere, huku hakuna hata moja iliyofika wasaki tano peke yake. Je, zijumlishwe? Malik alijibu kwamba mbegu zote za maganda ni jinsi moja katika zaka, ingawa majina na rangi zake zinatofautiana, na kwamba zikifika nisabu kwa pamoja zaka imepasa. Alitaja kwamba Umar bin al-Khattab alizitenga mbegu hizo na ngano katika ushuru aliouchukua kwa wafanyabiashara Wanabati, akazihesabu zote kuwa fungu moja.

Kisha Malik akajiletea mwenyewe pingamizi zito. Katika sheria ya riba, vyakula vya jinsi moja havibadilishwi kwa kuzidiana, hata mkononi kwa mkononi, ilhali dengu na adesi zinaweza kubadilishwa pishi mbili kwa moja pasipo kosa. Zikiwa ni jinsi mbalimbali sokoni, zinawezaje kuwa jinsi moja kwenye zaka? Jibu lake ni kwamba dhahabu na fedha nazo hujumlishwa katika zaka, ilhali dinari moja hubadilishwa kwa dirhamu zilizo nyingi maradufu mkononi kwa mkononi, na hakuna anayeona mgongano. Uzito wa jibu hili ni mkubwa kuliko ufupi wake. Malik hasemi kwamba jinsi ni jambo la kupanga tu, kwa kuwa anatafuta dalili na anazitii. Anasema kwamba jinsi huulizwa ndani ya hukumu, na kwamba hukumu mbili zilizowekwa kwa makusudi mawili, moja kuwapa maskini haki yao na nyingine kumzuia muuzaji asimdhulumu mnunuzi, zinaweza kuzikusanya mbegu zilezile huku na kuzitenga kule, bila mbegu zenyewe kubadilika na bila mwamuzi kujipinga.

Madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki wanayafuata, hayakuukubali uamuzi huo katika zaka. Kwa Mashafii, jinsi haikamilishwi kwa jinsi nyingine. Dengu huhesabiwa peke yake na adesi peke yake. Kinachojumlishwa ni namna kwa namna ndani ya jinsi moja, kama mtu aliyevuna tende za namna mbalimbali. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, aliyaeleza haya katika Minhaj, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wamekisoma katika darsa za Lamu na Unguja, na humo alikabili mfano ambao ni ndugu wa njegere kwa ugumu wake. Ipo nafaka iitwayo sulti, inayofanana na ngano kwa rangi na ulaini na kufanana na shayiri kwa tabia yake. Nawawi akasema kwamba ni jinsi inayojitegemea, kisha, kwa uaminifu wa mwanachuoni, akaandika kwamba imesemwa pia kuwa ni shayiri, na imesemwa pia kuwa ni ngano. Tofauti hiyo ya rai haikuwa udhaifu wa elimu. Kila mmoja wa wenye rai hizo alikuwa ameishika sulti ileile mkononi, na swali lao lilikuwa ni mfanano upi utangulizwe pale ambapo haki ya fakiri inautegemea.

Kwa mizani ya Mashafii, njegere bapa, njegere nene na njegere za kumenya ni namna tatu za jinsi moja, na hakuna njia nyepesi ya kulipinga hilo, kwa kuwa zinazaliana bila kizuizi na tofauti yake ni ya jeni tatu tu. Sheria za biashara za leo zimefika mahali tofauti, na kila moja kwa sababu yake. Mfumo wa kimataifa wa namba za forodha huziweka njegere mbichi zote chini ya namba moja, 0708.10, zikiwa zimemenywa au hazikumenywa, kwa sababu anachotafuta afisa wa forodha ni ushuru. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu mabaki ya dawa za kuulia wadudu, kinyume chake, huzitenga njegere zenye maganda na zisizo na maganda katika mistari miwili yenye viwango vyake, kwa kuwa ganda ndilo linalopokea dawa inaponyunyizwa, na anayekula ganda anakula na kilicholikalia. Mkulima wa Kenya aliuhisi mgawanyo huu wa pili kwa uchungu kuanzia Januari 2013, wakati maharage na njegere za maganda kutoka nchini humo zilipowekewa ukaguzi wa sehemu moja katika kila kumi ya shehena zilipofika Ulaya. Mtu anayedhani kwamba maswali ya jinsi na namna ni ya vyumba vya darasa angefaa kuizingatia familia ambayo kipato chake cha msimu kiliamuliwa na mstari wa jedwali unaotenganisha punje na ganda lake.

Hata hivyo, anayehitimisha kwamba kila kitu ni jedwali tu atakuwa amekosea kwa upande wa pili, na kosa hili ni la hatari zaidi. Wataalamu wa uainishaji wa mimea wamezidi kushawishika kwamba njegere, kwa nasaba, imo ndani ya jenasi ya Lathyrus, na bustani ya Kew mjini London sasa huiorodhesha kwa jina la Lathyrus oleraceus. Uhamisho huo umeiweka nyumba moja na ua la bustani Lathyrus odoratus, ambalo ganda lake dogo la kijani linaweza kumdanganya mtoto, nalo lina sumu. Umeiweka pia pamoja na Lathyrus sativus, mbegu inayovumilia ukame ambayo maskini wa Ethiopia na wa Asia ya Kusini wameitegemea katika miaka ya njaa, na ambayo ikiwa ndiyo chakula kikuu kwa miezi mfululizo inaweza kupooza miguu kwa ulemavu usiopona. Mtaalamu anaweza kuziweka mbegu hizi katika jenasi moja au tatu, na mwili wa mtu hautauliza amezipanga vipi. Swali la kuuliza huchaguliwa na watu, jibu hawalichagui. Anayeuliza kama ganda hili linalika atajibiwa na lignini, anayeuliza kama mbegu hii ni salama atajibiwa na mishipa yake ya fahamu, na majibu hayo yangekuwa yaleyale hata kama majina yote ya Linnaeus yangefutwa.

Liko jambo moja ambalo wanafalsafa wa jinsi na namna wamelishughulikia kidogo, nalo ni wakati. Mifano yao huchukuliwa kana kwamba kitu kimesimama, ilhali ganda la njegere ni kitu kinachopita kutoka hali hadi hali katika muda wa majuma machache, na kila anayelishughulikia analikamata katika hatua yake. Fiqhi ya Kishafii imeliona hili kwa macho makali. Zaka ya nafaka haipasi tangu mbegu inapochipua wala inapoota ua. Hupasa punje inapokuwa ngumu, na zao lenyewe ni lazima liwe miongoni mwa vyakula vinavyoshibisha na kuwekwa akiba. Mboga mbichi haimo. Kwa hiyo mkulima mwenye shamba moja la njegere bapa, akichuma maganda yote yakiwa machanga, hana zaka ya mazao juu yake, si kwa kuwa njegere bapa ni jinsi nyingine, bali kwa kuwa alichochuma hakijafika kuwa nafaka. Akiacha mistari kadhaa ikauke ili apate punje za kuweka, punje hizo zinaingia hesabuni, na kama ana njegere za kumenya zilizokauka katika shamba la pili, punje za huku na za kule hujumlishwa pamoja mpaka wasaki tano, kwa kuwa ni namna mbili za jinsi moja, ijapokuwa mpishi hakuwahi kuziweka katika chungu kimoja. Na yale maganda mabichi aliyomuuzia mchuuzi huingia katika hukumu ya tatu, zaka ya biashara, inayomhusu mchuuzi aliyeyanunua kwa ajili ya kuyauza tena; humo wasaki hazipimwi na jinsi haiulizwi, kwa kuwa kinachohesabiwa mwisho wa mwaka ni thamani ya mali yote aliyonayo, njegere ikiwa imechanganyika na vitunguu, karoti na chochote kingine kilichomo ghalani mwake.